SARAFU YA SHABA YENYE KIARABU: ISOME KWANZA

Na Bwana Shamba, Tunduma

Ndugu wakulima, jembe hufukua vitu vingi. Hufukua mawe, vigae na vyuma chakavu. Mara nyingine hufukua sarafu ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu. Hapo maneno huanza. Mmoja husema ni kitu cha mganga. Mwingine husema ni alama ya mali waliyoficha Wajerumani. Kisha hutokea tapeli. Hudai fedha ili aonyeshe mali ilipo. Mkulima huuza mahindi, hata ng'ombe, akabaki na shimo tupu.

Kinga yetu ni kusoma. Itazame sarafu pande zote mbili.

PESA YA WAJERUMANI

Je, upande mmoja una picha ya tai na mwaka 1890, 1891 au 1892? Hiyo ni pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kiarabu cha upande wa pili maana yake ni "Kampuni ya Kijerumani". Si uganga. Wakati ule wafanyabiashara wa pwani walisoma herufi za Kiarabu. Hata Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo.

Pesa 64 zilikuwa rupia 1. Mwaka 1904 hesabu ilibadilishwa. Rupia 1 ikawa heller 100. Pesa hizi zilitengenezwa kwa mamilioni. Zilikuwa chenji ya sokoni, si alama ya hazina.

KUSOMA MWAKA

Chini ya Kiarabu kuna mwaka wa Kiislamu. Tarakimu zake ni rahisi:

1 ni kama fimbo.
3 ni fimbo yenye meno juu.
0 ni nukta.
7 ni kama herufi V.
8 ni V iliyopinduliwa.
9 ni kama 9 yetu.

Fimbo, fimbo yenye meno, nukta, V: huo ni mwaka 1307. Kwa hesabu yetu ni karibu na 1890.

SARAFU ZA ZANZIBAR NA KILWA

Ukiona picha ya mizani, hiyo ni pesa ya Zanzibar ya Sultani Barghash. Alitawala tangu 1870 hadi 1888. Mwaka 1299 ulioandikwa juu yake ni karibu na 1882.

Sarafu za shaba za Kilwa ni za zamani zaidi. Zina jina la Sultani, lakini hazina mwaka. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa karne ya 14, ilipatikana Zimbabwe Kuu. Biashara ya pwani ilifika mbali bara.

UKIIPATA UFANYE NINI?

Usiisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu. Maandishi yatafutika. Ioshe kwa maji safi, uikaushe. Andika siku na mahali ulipoipata.

Mwonyeshe afisa utamaduni wa halmashauri yako. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Sarafu ya Kilwa ni mojawapo. Haiuzwi wala haipelekwi nje ya nchi bila kibali. Sisi wa Tunduma tuko mpakani. Tusikubali ivushwe kwa siri.

Anayejua kusoma sarafu hatapeliwi kwa sarafu. Mfundishe na jirani yako.