Daftari, Picha au Mchoro? Hesabu ya Kumbukumbu za Nyaya Unapogeuza Basi Kuukuu

Anayenunua basi kuukuu ili aligeuze mgahawa, saluni, kliniki au nyumba ya safari huandika bajeti ndefu: mabati, rangi, mbao, jiko la gesi, sola, betri, matairi. Kumbukumbu ya nyaya haimo. Kwa kuwa haiuzwi dukani, hakuna anayeitengea fedha. Hulipwa baadaye, tena kwa bei ya fundi aliyejikunja chini ya dashibodi na tesita mkononi, akiufuata waya mmoja kutoka mbele hadi nyuma huku siku yake ikihesabika kwako.

Chukua basi dogo la abiria lililojengwa juu ya chesisi ya Isuzu NQR, yale yaliyojaa barabara za Nairobi. Kitabu cha mtengenezaji kinaeleza nyaya za injini, stata, altaneta na taa za mbele, kisha kinanyamaza. Bodi ilijengwa na karakana ya hapa hapa, na taa za ndani, kengele ya kushuka na taa za ubavuni zilifungwa na fundi wa karakana hiyo kwa nyaya alizokuwa nazo siku ile. Halafu wakaja wenye matatu, kila mmoja akaongeza lake: spika, skrini, taa za buluu kwenye ngazi. Gari likistaafu ukalinunua, unanunua tabaka tatu za nyaya na ramani ya tabaka moja.

Wengi hutumaini kwamba rangi itawaokoa. Rangi inategemea gari lilizaliwa wapi. Katika magari ya Toyota, waya wa erthi mara nyingi ni mweupe wenye mstari mweusi. Katika magari ya Kijerumani kama Mercedes-Benz na MAN, erthi ni kahawia. Sasa weka inveta ndani ya basi hilo la Kijerumani, uvute umeme wa volti 240 hadi kwenye soketi za jikoni: huko kahawia ndiyo laivu. Nyaya mbili za rangi moja zinapita kwenye tundu moja la sakafu, mmoja unaweza kuushika kwa mkono mtupu na mwingine unaua. Mweusi nao una mambo yake. Kwenye betri ni hasi, katika nyumba zetu za zamani ulikuwa nyutro, na katika nyumba za Marekani ndio wenye moto. Fundi wa magari na fundi wa majumba wakifanya kazi katika basi moja, kila mmoja akiamini rangi alizofundishwa, hapo ndipo karatasi inapopata thamani yake.

Basi kuna njia gani, na zinagharimu nini?

Njia inayotumika zaidi ni kichwa cha fundi. Bei yake siku ya kwanza ni bure, na kwa mtu mwenye haraka inavutia. Fundi mzuri anakumbuka kweli kazi yake, hilo sina ubishi nalo. Ila akihamia mji mwingine, akibadilisha namba ya simu, au akapata kazi kubwa kukuzidi, ramani yako imeondoka naye. Anayekuja baada yake hawezi kuamini alichokikuta; atakata, atafunga upya, na utalipa kazi ileile mara mbili pamoja na waya mpya. Ukipiga hesabu ya miaka mitano, hakuna njia ghali kuliko hii.

Picha za simu ni nafuu na zina faida moja ambayo daftari halina: zinaonyesha kitu ulichosahau kukiuliza. Piga picha kabla ya kufungua chochote, kisha weka kipande cha karatasi chenye namba kando ya kiungio, piga tena. Picha isiyo na namba ndani yake, baada ya miezi miwili, ni picha ya nyaya tu. Hutajua ni kushoto au kulia, wala ni kabla au baada. Jambo jingine ambalo watu hawalitilii maanani ni WhatsApp. Ukituma picha kwa njia ya kawaida inabanwa, na maandishi madogo kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi huwa ukungu. Itume kama faili, au ihamishie kwenye kompyuta kwa waya. Na usiiache kwenye simu moja. Simu huibwa kuliko mabasi.

Daftari ndilo ninalolipigia kura. Daftari kubwa la jalada gumu, lile liitwalo kaunta buku, penseli, tepu ya karatasi ya wapaka rangi na kalamu ya wino mzito, vyote pamoja haviifikii bei ya kilo mbili za nyama. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino kwa sababu hailowi na kutapakaa, na basi linalogeuzwa halikosi maji, iwe ya mvua inayovuja kwenye paa au ya matangi unayoyajaribu.

Ndani ya daftari, usijaribu kuchora. Wengi huanza na mchoro mzuri ukurasa wa kwanza, na kufikia wiki ya pili mchoro umejaa mishale hadi mwenyewe hausomi. Tumia jedwali. Kila waya mstari mmoja: namba yake, unatoka wapi, unakwenda wapi, rangi, unene kwa milimita za mraba, urefu, fyuzi ya ampia ngapi, tarehe, na nani aliufunga. Safu hizo zinatosha. Basi la nyumba lenye taa, pampu ya maji, friji, feni na sola halitazidi kurasa chache.

Safu za unene na urefu ndizo watu wanazoruka, na ndizo zinazookoa fedha. Tuseme friji inavuta ampia 10 na iko mita 8 kutoka kwenye betri. Umeme huenda na kurudi, hivyo njia nzima ni mita 16. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, takribani volti 1.1 hupotelea njiani. Katika mfumo wa volti 24 hiyo ni chini ya asilimia 5, friji haitanung'unika. Katika mfumo wa volti 12 ni zaidi ya asilimia 9, na betri ikishuka kidogo friji inazima. Asiye na daftari ataambiwa betri imekufa, anunue nyingine. Betri mpya itafanya vizuri wiki mbili tatu, kisha ataambiwa friji ndiyo mbovu. Mwenye daftari atasoma mstari mmoja, atafanya hesabu, na atanunua mita chache za waya mnene.

Safu ya fyuzi nayo ina sababu. Fyuzi huwekwa kulinda waya, siyo kifaa. Ndiyo maana huwa karibu na betri, na ukubwa wake haupaswi kuzidi uwezo wa waya unaofuata. Pasipo maandishi, fyuzi ya ampia 10 ikiungua mara mbili, mtu ataweka ya 30 au atafunga kipande cha waya mtupu, na kuanzia hapo kitakachoungua ni waya wenyewe, ndani ya ukuta wa mbao ulioujenga kwa gharama. Andika ampia kwenye daftari, na uandike pia juu ya sanduku la fyuzi.

Sasa lebo, maana jedwali lisilo na lebo kwenye nyaya ni orodha ya majina bila nyuso. Tepu ya karatasi inafaa kwa kazi ya muda tu. Ndani ya basi lililopigwa jua la Dodoma au Mombasa gundi yake hukauka, na lebo huanguka sakafuni moja baada ya nyingine. Hatua inayofuata ni vipete vya plastiki vyenye namba, vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme kwa mifuko. Ni vya bei ndogo, havifutiki, ila lazima uuvishe waya kabla ya kubana kichwa chake, na fundi mwenye haraka husahau. Juu yake kuna mashine ndogo za kuchapa lebo, za Brother au Dymo. Mashine yenyewe haitishi. Kinachoumiza ni kaseti zake, hasa zile za kuchapa kwenye mpira unaojibana kwa moto, na ukikosa kaseti mjini kwako mashine inabaki pambo. Kama unageuza basi moja tu, usiinunue. Kama hiyo ndiyo biashara yako, nunua, na uitoze katika kila kazi.

Michoro ya kompyuta haihitaji maneno mengi. QElectroTech ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya michoro ya umeme, na LibreOffice Draw, nayo bure, inatosha kwa mchoro wa kurasa mbili. Gharama ni muda wako wa kujifunza. Itakufaa ukitaka kuuza basi au ukiwa na inveta, sola na umeme wa nje vyote kwa pamoja. Kwa taa sita na feni, ni kujichosha.

Kumlipa mtaalamu achore kila kitu ndiyo njia ghali kwa fedha taslimu. Sioni sababu ya kuitumia kwa basi zima. Itumie kwa sehemu ya volti 240 peke yake. Kenya, mafundi wa umeme hupewa leseni na EPRA, Tanzania ni EWURA. Chagua mwenye leseni, mwambie akuachie mchoro wa sehemu hiyo uliosainiwa. Fundi wa magari, hata awe hodari namna gani, erthi na nyutro za umeme wa majumba siyo kazi yake ya kila siku.

Ukubwa wa gharama yote hii hutegemea sana uamuzi unaoufanya mwanzoni: kuacha nyaya za gari kama zilivyo, au kuzichanganya na za nyumba. Kuchanganya huonekana kuokoa waya, kwa kuwa taa za zamani za ndani tayari zina nyaya zake. Ila kila unapochanganya unalazimika kuzifahamu na kuziandika nyaya za wengine watatu waliokutangulia. Ukiacha mfumo wa gari peke yake na kujenga mfumo wa nyumba wenye betri na fyuzi zake, unaandika kazi yako tu. Waya utanunua zaidi, daftari litakuwa jembamba. Kwa maoni yangu hiyo ni biashara nzuri.

Hata hivyo, nyaya unazoziondoa ziandikwe pia, pengine kwa makini kuliko unazoziweka. Ncha iliyokatwa na kusukumwa nyuma ya bati inaweza bado kuwa na moto. Na zipo nyaya zinazoonekana hazina kazi kumbe zinatawala kitu kikubwa. Marekani, ambako mabasi ya manjano ya shule hugeuzwa nyumba kwa wingi, mengi yana mfumo unaozuia injini isiwake iwapo mlango wa dharura umefungwa kwa komeo. Mtu hukata waya wa mlango akidhani ni wa kengele, na asubuhi injini haiwaki. Huku kwetu mlango na vihisi vya breki vina mitego inayofanana. Kata mmoja, washa injini, andika, ndipo ukate mwingine.

Kuna mtindo mmoja wa mafundi wetu ambao daftari litaufichua mapema. Isuzu NQR na Mitsubishi Rosa zina umeme wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Redio na chaja nyingi ni za volti 12, basi fundi huchukua volti 12 kwenye betri moja tu ya hizo mbili. Kazi inakwenda, bei ni ndogo. Lakini betri hiyo inashuka peke yake, na altaneta ikizijaza zote mbili pamoja, mwenzake anajazwa kupita kiasi. Zote mbili hufa kabla ya wakati. Kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12 kina bei, ila linganisha na jozi ya betri za basi. Ukikuta katika safu ya "unatoka wapi" pameandikwa "katikati ya betri mbili", umeshajua kwa nini mwenye gari aliyepita alikuwa akinunua betri mara kwa mara.

Na mnunuzi wa kesho? Atakagua rangi, viti na sola, kisha atauliza umeme. Muuzaji anayefungua daftari na kuonyesha waya namba 14 kwenye karatasi, kisha waya huohuo wenye kipete cha 14 chini ya sinki, amepunguza sababu ya kuombwa ashushe bei. Mkadiriaji wa bima naye, kukitokea moto, atauliza fyuzi ilikuwa ya ukubwa gani na nani alifunga. Jibu la mdomo halina uzito.

Kwa basi moja la biashara ndogo, basi, nunua kaunta buku, vipete vya namba na penseli. Tumia simu uliyonayo. Mlipe fundi mwenye leseni kwa sehemu ya volti 240 pekee. Acha mashine ya lebo dukani. Fedha itakayobaki iende kwenye waya wa nyuzi nyingi, maana waya mgumu wa ukutani hukatika kwa mtikisiko wa barabara. Katika makubaliano na fundi andika sentensi moja zaidi: malipo ya mwisho yatatolewa baada ya jedwali la nyaya kukabidhiwa na nyaya tatu utakazozichagua mwenyewe kukaguliwa mbele yako. Atakayekataa sharti hilo, mtafute mwingine kabla hajafungua boliti ya kwanza.