Kabla ya Kupandisha Ghorofa Kihambani

Desemba ikifika, mabasi ya Rombo hujaa Wachagga wanaorudi kula Krismasi nyumbani. Huko Mkuu, wilayani Rombo, miezi ya kabla yake ni ya kupiga plasta, kubadili bati na kuongeza vyumba kwenye nyumba ya wazee. Mara nyingi mapatano na fundi ni ya mdomo tu, na hela hutumwa kwa simu kutoka Dar es Salaam.

Kupaka rangi hakuhitaji mbunifu majengo. Kubomoa ukuta au kupandisha ghorofa ni habari nyingine. Mbunifu makini hufika kihambani, yaani kwenye shamba la familia lenye nyumba, hupima nyumba iliyopo, hukagua msingi na nyufa, kisha huutazama mteremko: maji ya masika yatapita wapi, na ukuta wa kuzuia udongo ukae upande gani. Ndipo huchora. Ghorofa ikihusika, mhandisi naye huitwa kukokotoa nguzo na nondo.

Michoro hiyo hupelekwa halmashauri kuombea kibali. Pia humbana fundi asijitungie vipimo, jambo ambalo mafundi wengine hawalipendi.

Wabunifu majengo husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, chini ya sheria ya mwaka 2010. Ulizia namba ya usajili kabla ya kutoa malipo ya awali.