Mshiriki au Mhudhuriaji? Takwimu za Kanisa katika Kijiji cha Salem, 1689–1695

Takwimu za ushiriki wa kanisa hutegemea kwanza maana inayopewa neno “mshiriki”. Makala haya yanafafanua hoja hiyo kwa kurejelea Kijiji cha Salem, kilichokuwa sehemu ya mji wa Salem katika koloni la Kiingereza la Massachusetts, ambako kesi za uchawi za 1692 ziliishia kwa watu 19 kunyongwa.

Katika koloni hilo, sheria ilimtaka kila mkazi ahudhurie ibada, na wenye kaya walitozwa kodi ya kumlipa mchungaji. Hata hivyo, Meza ya Bwana ilikuwa ya washiriki kamili tu, yaani waliopokewa na kanisa kwa ungamo la imani na agano. Kwa hiyo, mtu aliweza kuhudhuria ibada maisha yake yote, akalipa kodi, na bado asihesabiwe kuwa mshiriki.

Uzito wa tofauti hiyo unadhihirika katika hati mbili za 1695 kumhusu Samuel Parris, mchungaji wa kijiji tangu kanisa lake lilipoundwa mwaka 1689. Waliotaka aondoke walikuwa 84. Kati yao washiriki walikuwa 18, sawa na asilimia 21. Waliomuunga mkono walikuwa 105, na washiriki miongoni mwao 52, takriban asilimia 50. Paul Boyer na Stephen Nissenbaum, katika kitabu chao cha 1974, walihusisha mgawanyiko huo zaidi na uchumi na jiografia ya kijiji. Baadaye Richard Latner alisisitiza mvutano wa kidini. Mjadala wenyewe unawezekana kwa sababu hati zilitenganisha washiriki na wenye kaya. Lau wote wangeandikwa “waumini”, tofauti hiyo ingefichika.

Aidha, asilimia hizo hazipimi ucha Mungu. Zinaonyesha nani alikuwa amepokewa rasmi.

Funzo hili linazihusu pia hojaji za Kiswahili, ambamo “muumini”, “msharika” na “mshiriki” huweza kutumiwa kana kwamba ni visawe. Inapendekezwa kwamba anayehudhuria, anayechangia na anayeshiriki Meza ya Bwana waulizwe kwa maswali tofauti. Vinginevyo, mshauri wa sera atalinganisha idadi zisizolingana, na kosa la istilahi litageuka kosa la uamuzi.