Maziwa Yana Dawa ya Kupe? Uzi wa DNA Unaweza Kutuambia

Asubuhi ng'ombe wameogeshwa joshoni. Ni lazima, maana kupe ndio wanaoeneza ndigana kali. Jioni wanakamuliwa kama kawaida. Je, ile dawa imebaki kwenye ngozi, au nyingine imeingia kwenye maziwa?

Kwa macho huwezi kujua. Kuchemsha nako kunaua vijidudu, lakini usikutegemee kuondoa dawa. Maabara hutumia kromatografia, mashine za bei mbaya zinazohitaji mtaalamu na muda. Hadi majibu yatoke, maziwa yameshanywewa.

Hapa ndipo inapoingia aptama: kipande kifupi cha DNA ya uzi mmoja, kinachojikunja na kuishika molekuli fulani. Mbinu ya kuzipata ilitangazwa mwaka 1990, kwanza kwa RNA. Unachukua nyuzi nyingi mno zilizopangwa ovyoovyo, unazikutanisha na molekuli unayoitafuta. Zisizoshika unazimwaga, zilizoshika unazizidisha, kisha unarudia tena na tena.

Sasa tuweke taa. Aptama inabandikwa rangi inayong'aa ikimulikwa. Kipande kingine cha DNA, chenye molekuli ya kuzima mng'ao huo, kinajipachika juu yake. Giza. Dawa ikifika, aptama inaikumbatia na kukiachia kile kipande. Mng'ao unawaka, na dawa ikizidi nao unaongezeka, hadi aptama zote zipate cha kushika.

Kwenye maji, kazi rahisi. Mtihani ni maziwa. Matone ya mafuta na protini ya kaseini hutawanya mwanga, ndiyo maana maziwa ni meupe. Basi tuyaondoe mafuta? Subiri kwanza: dawa nyingi hupenda mafuta, ukiyatupa umetupa na ushahidi. Lazima dawa ivutwe kutoka humo kwanza. Halafu unatia kiasi unachokijua kwenye maziwa safi, uone kama kihisi kitakurudishia namba ileile. Kisiporudisha, bado hakijafaulu.

Na tusidanganyike: aptama ya diazinoni huitafuta diazinoni. Giza halisemi maziwa ni salama, linasema tu hiyo moja haijaonekana. Kwa hiyo kazi inayokifaa kihisi hiki ni kuchuja haraka pale maziwa yanapokusanywa. Kikiwaka, sampuli iende maabara.

Kinga ya kwanza bado iko kwa mfugaji: asome lebo ya dawa, na siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa aziheshimu.