Klabu ya magari ya spoti huanzia kwa fundi

Mtu akinunua Subaru Impreza WRX au Mazda MX-5, swali la kwanza analoniletea ni oili gani atie. La pili huja baada ya miezi miwili mitatu, tena kwa sauti ya chini: "Fundi, wenzangu wako wapi?" Nalipenda hilo la pili kuliko la kwanza, kwa sababu gari la spoti ni gari la upweke. Mara nyingi lina viti viwili, au vinne ambavyo viwili vyake havikaliki. Kila tuta la barabarani linalikwaruza tumbo. Likiharibika, duka la spea lililojaa vyuma vya Probox halina hata bolti yake moja.

Ninachomjibu kila anayeuliza ni kwamba asitafute watu, atafute gereji. Katika kila mji kuna mafundi wawili watatu ambao magari ya aina fulani huishia mikononi mwao. Nairobi, zunguka Kirinyaga Road, kule wengi wanakokuita Grogan bado, uulize nani anasuka injini za Subaru za tabo. Utatajiwa majina yaleyale. Dar es Salaam, anzia Gerezani, Kariakoo. Kisha nenda kwa fundi huyo Jumamosi asubuhi, hata kama gari lako ni zima, ukae kwenye benchi lake. Kufikia saa sita utakuwa umewaona wenye magari uliokuwa ukiwatafuta. Klabu ipo pale tayari, imekosa jina na daftari tu.

Nasisitiza hivi kwa sababu nimeona klabu nyingi zikianzia upande wa pili: fulana, stika kubwa ya kioo cha nyuma, kikundi cha simu chenye watu mia mbili, na picha za machweo. Mwaka haujaisha, kikundi kinauza viwanja na simu za mkononi. Watu wale walikutanishwa na uzuri wa gari, na uzuri peke yake haumwamshi mtu Jumapili alfajiri. Kinachomwamsha ni klachi inayoteleza, na habari kwamba kuna mwenzake aliyekwisha kuitibu.

Jambo hili ni la kale. Mwaka 1930 huko Uingereza, mwenye gari la spoti la MG, Roy Marsh, aliandika barua katika jarida la The Light Car and Cyclecar akiuliza kama wenye MG wengine wangependa kuwa na klabu. Oktoba ya mwaka huohuo walikutana katika hoteli ya Roebuck, karibu na Stevenage, kaskazini mwa London. Kijana mhasibu, John Thornley, akashika ukatibu. Baadaye kiwanda chenyewe kilimwajiri, naye akapanda ngazi hadi kukiongoza. Kiwanda hicho cha Abingdon kilifungwa mwaka 1980. MG Car Club ingali hai, na mwenye MG ya zamani anayetafuta kabureta au ushauri bado ana pa kubisha hodi. Fikiria maana yake: klabu imeishi kuliko kiwanda kilichoyaunda magari yake.

Kwetu, mfano ninaoupenda uko Nairobi. Klabu ya wenye Alfa Romeo nchini Kenya ndiyo iliyoanzisha Concours d'Elegance mwaka 1970, maonyesho ambayo kwa miaka mingi yamefanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Mwendo haushindaniwi pale. Gari husimama, na waamuzi hulikagua rangi, viti, injini, hadi uvunguni, wakiandika alama. Alfa Romeo si gari la kuonekana kila kona Nairobi, na klabu ya aina moja adimu ingeweza kubaki meza moja ya marafiki. Wao waliwafungulia lango wenye magari ya aina nyingine, na pikipiki pia. Faida imeenea mbali kuliko wenye magari: mpuliza rangi, mshona viti, fundi wa kuchovya vyuma kwenye kromu, wote wana tarehe ya kufanyia kazi, na ujuzi wao unabaki mjini. Ukikumbuka kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8, utaona thamani ya jambo hili. Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, halitaletwa kwa wingi bandarini. Yaliyopo ndiyo tuliyo nayo, na anayejua kuyatunza ni hazina.

Sasa niingie kwenye eneo langu, maana hapa ndipo klabu inapookoa fedha za watu. Chukua Subaru. Mapenzi yetu kwa gari hilo yana asili: Colin McRae alishinda Safari kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns naye mwaka 2000, na watoto wengi walisimama kando ya barabara za vumbi wakiitazama ile rangi ya buluu ikipita. Leo wana mishahara, na wameagiza WRX zilizotumika kutoka Japani. Lakini injini ya tabo iliyoundwa kwa soko la Japani ilipangwa itumie petroli yao ya daraja la juu, ambayo oktani yake hukaribia 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Oktani ni kipimo cha uvumilivu: petroli inaweza kubanwa na kupata joto kiasi gani kabla ya kujilipukia yenyewe. Tabo hushindilia hewa ndani ya silinda, mgandamizo unapanda, na petroli isiyo na uvumilivu inalipuka kabla moto wa plagi haujaifikia. Dereva makini atasikia kama kokoto ndani ya kopo. Aliyefungulia muziki hasikii kitu. Kompyuta ya gari hujaribu kuchelewesha cheche ili kuinusuru injini, ila uwezo wake una mpaka. Siku moja kingo za pistoni, pale ringi zinapokaa, zinavunjika, na fundi anatamka neno ambalo kila mwenye Subaru analiogopa: imenoki.

Dawa inajulikana. Kompyuta ipangwe upya kwa petroli ya hapa, presha ya tabo ipunguzwe kidogo, na mkanda wa taimingi ubadilishwe mapema ikiwa historia ya gari haijulikani, kwa sababu katika nyingi za injini hizi mkanda ukikatika, pistoni hukutana na vavu. Dawa kujulikana, hata hivyo, si sawa na dawa kumfikia mgonjwa. Niliwahi kuwapokea vijana watano, kila mmoja kwa wakati wake, waliouziwa mkanda uleule wa bandia katika duka moja. Watatu vavu zao zilipinda. Wawili kati ya hao waliishi mtaa mmoja na hawakuwa wakifahamiana. Laiti wangekuwa na kikao kimoja tu kwa mwezi, kijana mmoja angeumia na wanne wangepona. Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya nianze kuwakutanisha wateja wangu.

Kuagiza spea pamoja ndiyo kazi ya kwanza ya kuwafunga watu. Klachi moja kutoka Japani, au giaboksi iliyotumika kutoka Sharjah, humtoza mtu mmoja nauli nzito ya mzigo. Watu sita wakiagiza kwa pamoja, wanagawana. Ila fedha zisipitie mfukoni mwa mtu mmoja hata kama ni malaika. Ziwe na akaunti yenye sahihi mbili, na risiti isomwe mbele ya wote.

Idadi isikutishe. Sports Car Club of America, ambayo sasa imeenea Marekani nzima, ilianzishwa na watu saba mjini Boston mwaka 1944. Uandikishaji mtaufikiria mkitaka akaunti ya benki au kukodi uwanja. Sheria ya Vyama ya Kenya, Sura ya 108, huhesabu chama kuanzia watu 10. Tanzania kuna Msajili wa Jumuiya chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na klabu inayotaka kushiriki michezo rasmi hupitia Baraza la Michezo la Taifa. Katiba iwe fupi. Mpokeeni pia asiye na gari lakini anayejua kushika spana.

Lakini kuna kifungu kimoja cha katiba ambacho sitakubali kifupishwe. Klabu ya magari haya inaweza kuua. Umbali wa kufunga breki hadi gari lisimame kutoka kilomita 100 kwa saa ni mara nne ya ule wa kutoka kilomita 50, na mbwembwe za usiku kwenye barabara mpya hazijapata kubadilisha hesabu hiyo. Anayevuka pale ni mama mwenye ndoo ya maandazi alfajiri. Anayepiga resi barabarani kwa jina la klabu atolewe siku hiyohiyo, bila onyo la pili, awe mwanachama wa jana au mwenyekiti. Mwenye hamu ya mwendo apelekwe kwenye uwanja uliofungwa. Kenya kuna mbio za otokrosi chini ya shirikisho la michezo ya magari, ambako ana helmeti, wasimamizi na gari la wagonjwa. Hapo atajua kama kweli anaweza kuendesha. Na mkisafiri kwa msafara, kila dereva amchunge aliye nyuma yake: ukifika njia panda, subiri mpaka uone taa zake. Hakuna haja ya kukimbizana na wa mbele.

Nilitaja daftari. Nunua lile kubwa lenye jalada gumu, na kila gari lipewe ukurasa wake: nambari ya chesi, nambari ya injini, mkanda ulibadilishwa lini na kilomita ngapi, klachi ilitoka wapi na kwa bei gani, nani aliifunga. Lilale gerejini, si nyumbani kwa mtu. Gari likiuzwa, ukurasa haufutwi. Mwombe muuzaji amwachie mnunuzi namba ya katibu, na mnunuzi akipiga, asomewe ukurasa wa gari lake kuanzia mstari wa kwanza, kisha aambiwe Jumamosi saa nne tunakutana wapi.