Neno 'Interest' katika Mkataba wa Mkopo: Maana Yake na Mafundisho ya Kanisa



Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo wamo waamini waliotia sahihi mkataba wa mkopo ulioandikwa kwa Kiingereza, huku wakielewa jambo moja tu: kiasi watakachokabidhiwa siku hiyo. Kiasi watakachorudisha wamekuja kukijua baadaye, pengine siku ambayo makochi na jokofu vilitolewa nje mbele ya watoto. Uzito wote wa mkataba wa namna hiyo hubebwa na neno moja, yaani 'interest'. Tumeona ni vema tulieleze neno hilo, maana yake, asili yake, na yale ambayo Kanisa limefundisha juu yake.

Kwa Kiingereza neno hili lina maana kadhaa. Huweza kuwa hamu ya kujua jambo. Huweza kuwa maslahi, kama tunavyosema mgongano wa maslahi. Huweza pia kuwa haki au sehemu ya mtu katika mali, kama vile shamba au kampuni. Lakini katika mambo ya fedha, neno hili humaanisha malipo ya ziada anayotoa mtu kwa sababu ametumia fedha ya mwenzake kwa muda fulani. Fedha yenyewe iliyokopwa huitwa 'principal', yaani deni la msingi, na ile ziada ndiyo 'interest', ambayo kwa Kiswahili tunaiita riba. Riba ina pande mbili: mkopaji huilipa, na mwenye akiba benki huipokea. Kwa hiyo, kila tunapolikuta neno hili, swali la kwanza ni hili: nani anamlipa nani?

Asili ya neno hili imo katika Kilatini, lugha ya Kanisa letu. 'Interesse' ni kuwa kati, au kuleta tofauti. Katika Zama za Kati wanasheria wa Kanisa walilitumia kutenganisha mambo mawili. La kwanza waliliita 'usura': malipo yanayodaiwa kwa sababu tu mtu amekopeshwa. Hilo lilikatazwa. La pili ndilo 'interesse': fidia ya hasara halisi aliyoipata mkopeshaji. Tuchukue mfano wa fundi seremala aliyemkopesha jirani fedha ya kununulia mbao. Jirani akachelewa kurudisha, fundi akakosa mbao na kazi ikampita. Tofauti iliyopo kati ya hali aliyo nayo sasa na hali ambayo angekuwa nayo kama angelipwa kwa wakati, ndiyo 'interesse'. Kuidai hakukuhesabiwa kuwa dhuluma.

Kanisa lilikuwa kali sana katika jambo hili. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliwakataza makleri kukopesha kwa riba. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliamuru kwamba wala riba wanaojulikana hadharani wasipokelewe kwenye Komunyo wala wasizikwe Kikristo wakifa katika dhambi hiyo. Lakini Kanisa halikuishia katika kukataza. Katika karne ya 15 Wafransisko wa Italia, wakiona maskini wanavyokamuliwa na wakopeshaji, walihimiza kuanzishwa kwa hazina za huruma, mojawapo ikiwa ya Perugia mwaka 1462. Maskini aliweka rehani kitu chake, akakopeshwa, na akatozwa kiasi kidogo cha kugharimia uendeshaji. Mwaka 1515, katika Mtaguso wa Tano wa Laterano, Papa Leo X aliamua kwamba tozo hiyo ya kiasi haikuwa riba iliyokatazwa. Mwaka 1745 Papa Benedikto XIV, katika waraka wake kwa maaskofu wa Italia, alirudia katazo la kudai ziada kwa ajili ya mkopo wenyewe, akikiri pia kwamba zipo sababu nyingine za haki zinazoweza kuhalalisha malipo ya ziada.

Kwa Waingereza nako maneno hayo mawili yalitengana taratibu. Zamani 'usury' ilikuwa riba yoyote. Mwaka 1545, wakati wa Mfalme Henry VIII, sheria iliruhusu riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Kadiri miaka ilivyopita, 'interest' likawa jina la riba inayokubalika, na 'usury' likabaki kuwa jina la riba ya kinyonyaji.

Kiswahili kina neno moja kwa yote mawili. Riba ni neno lililotoka katika Kiarabu, lenye maana ya ongezeko, na kwa ndugu zetu Waislamu ni jambo lililoharamishwa. Nasi tukisoma Kutoka 22:25 au Walawi 25:35-37, tunakutana na neno hilohilo likikemewa. Yatupasa kuangalia ni nani anayezungumziwa pale: ni ndugu aliyekuwa maskini, anayekopa ili aishi. Mungu anakataza kuigeuza shida ya mtu kuwa chanzo cha mapato. Wakati huohuo, katika mfano wa Luka 19, bwana anamlaumu mtumwa kwa kutoiweka fedha mahali ambapo ingeleta riba. Mfano huo hautoi sheria ya mikopo, lakini watuonyesha kwamba fedha inayofanya kazi ya biashara si sawa na fedha ya kumwokoa mwenye njaa.

Ndiyo maana Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 1543, ilikubali kwamba kupatana riba halali kisheria si kosa kwa asili yake, isipokuwa iwe wazi kwamba imepita kiasi. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, yafundisha kwamba wafanyabiashara ambao riba na uchoyo wao huwasababishia wenzao njaa na kifo, wanashiriki katika kuua. Mikopo ambayo watu wetu wameipa jina la kausha damu haina budi kupimwa kwa maneno hayo.

Sasa turudi kwenye mkataba. Mambo matatu yatazamwe kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, kipindi. Asilimia 5 kwa mwezi si asilimia 5 kwa mwaka. Kwa miezi 12 ni asilimia 60.

Pili, namna ya kukokotoa. Tuseme mama amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Mkataba ukisema 'flat rate', riba hukokotolewa juu ya mkopo wote hadi mwisho, hata kama sehemu kubwa imekwisha kulipwa. Atalipa riba shilingi 60,000 kila mwezi, jumla 720,000. Ukisema 'reducing balance', riba hukokotolewa juu ya salio tu. Akirejesha 100,000 za deni la msingi kila mwezi, riba yake yote itakuwa 390,000. Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 330,000, ambazo zingeweza kuwa ada ya mtoto.

Tatu, majina mengine. Ada ya fomu, ada ya usimamizi, bima na faini ya kuchelewa huenda zisiitwe riba, lakini hutoka katika mfuko uleule. Basi tuulize swali moja lililo wazi: nikipokea kiasi hiki leo, nitakuwa nimerudisha shilingi ngapi kwa jumla siku ya mwisho? Asiyetaka kulijibu kwa maandishi hafai kukopesha familia yetu.

Tunawasihi vijana wetu waliosoma wawasaidie wazazi na majirani kusoma mikataba hiyo, hata baada ya sala ya Jumuiya. Tunawasihi pia waamini wanaokopesha, pamoja na viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, wajihoji mbele ya Mungu kama kile wanachokidai ni fidia ya haki au ni jasho la mwenye shida. Na pale ambapo ndugu anakopa kwa ajili ya dawa au chakula, tukumbuke agizo la Bwana katika Luka 6:35, la kukopesha pasipo kutumaini malipo.