Kimelea au Mwenza? Mbung'o, Bakteria Wake na Msamiati wa Afya wa Kiswahili

Katika Kiswahili cha afya na mifugo, kiumbe asiyeonekana kwa macho akikutwa ndani ya kiumbe mwingine huitwa kimelea, na kinachofuata ni mjadala wa namna ya kumwua. Hata jina la dawa, viuavijasumu, limebeba hukumu hiyo: kinachouawa kimekwisha kuitwa sumu. Makala hii inatumia mfano wa mbung'o kuonyesha kwamba msamiati huo hautoshi kueleza uhusiano ambao kwa viumbe wengi ndio msingi wa uhai, na kwamba upungufu huo unawagusa moja kwa moja wanaoandaa maelezo ya sera.

Mbung'o, mwenezaji wa malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe, huishi kwa damu tu maisha yake yote, dume kwa jike. Damu ina protini tele lakini ina upungufu wa vitamini za kundi B. Pengo hilo huzibwa na bakteria aitwaye Wigglesworthia, aliyepewa jina la Vincent Wigglesworth, mtaalamu wa wadudu wa Uingereza. Bakteria huyo hukaa katika seli maalumu zilizokusanyika sehemu moja ya utumbo wa mbung'o, na humo hutengeneza vitamini zinazokosekana. Majike wakiondolewa bakteria hao kwa antibiotiki, hawazai.

Namna bakteria huyo anavyorithiwa inastahili maelezo zaidi. Mbung'o hatagi mayai mengi kama nzi wa nyumbani. Hulea buu mmoja mmoja tumboni, akimlisha majimaji ya tezi ambayo kwa kazi yake ni maziwa, kisha humzaa akiwa amekwisha kukomaa, tayari kujifukia ardhini na kuwa pupa. Bakteria hupita katika maziwa hayo. Hivyo mtoto hupokea kwa mama chakula cha leo pamoja na wale watakaokikamilisha chakula chake cha kesho.

Urithi wa aina hii, ukiendelea kwa mamilioni ya miaka, huwabadilisha wote wawili. Matawi ya ukoo wa Wigglesworthia yanalingana na matawi ya ukoo wa mbung'o: spishi za mdudu zilipogawanyika, bakteria wao waligawanyika pamoja nazo. Jenomu ya bakteria huyo, ambayo mfuatano wake kamili ulichapishwa mwaka 2002, ina takriban jozi 700,000 za besi, ilhali ile ya Escherichia coli, mkazi wa kawaida wa utumbo wa binadamu, ina zaidi ya milioni 4. Amepoteza jeni nyingi ambazo kiumbe anayejitegemea hawezi kuzikosa. Zile za kutengeneza vitamini amezihifadhi. Mbung'o naye amejenga kiungo kizima kwa ajili yake. Neno mwenyeji, linalotumiwa kwa upande huu wa uhusiano, linapwaya hapa, kwa kuwa mgeni huyu haagi kamwe.

Wala faida haiishii katika lishe. Mbung'o waliopitia hatua ya buu bila Wigglesworthia hukomaa wakiwa na kinga dhaifu: huuawa na bakteria ambao wenzao huwamudu, na tripanosoma, kimelea wa malale, huwaingia kwa urahisi zaidi. Ndani ya mdudu mmoja, basi, mna anayelinda na anayeleta maradhi. Kuwaita wote vimelea ni kufuta tofauti ambayo mtaalamu wa udhibiti anaitegemea.

Kisiwani Unguja mbung'o walitokomezwa katika miaka ya 1990, hatua ya mwisho ikiwa kuachia madume tasa waliozalishwa Tanga. Dume tasa bado hunywa damu na aweza kueneza tripanosoma. Ndiyo maana watafiti wanachunguza namna ya kuimarisha kinga yake kupitia bakteria anaoishi nao. Kwa upande wa malaria, mwaka 2020 watafiti waliripoti kuwapo kwa Microsporidia MB katika mbu wa jenasi ya Anopheles nchini Kenya. Kijidudu hicho hurithishwa na mama na huzuia Plasmodium kukua ndani ya mbu. Mpango wowote wa kukieneza utahitaji ridhaa ya wakazi, na mkazi anayeambiwa kwamba mbu wanaoachiwa kijijini kwake wamewekewa vimelea atakataa, tena kwa haki.

Kwa asili yake, kimelea ni kinachomea juu au ndani ya kingine, na kitenzi hicho hakina uadui wowote. Uadui umeletwa na matumizi, na matumizi hayarudishwi nyuma kwa urahisi. Pendekezo la kijidudu mwenza linafaa zaidi. Huenda likapingwa kwa kuwa mwenza humkumbusha msikilizaji uke wenza na mivutano yake, lakini mwangwi huo una manufaa. Wolbachia, bakteria mwingine anayepatikana katika baadhi ya mbung'o, husababisha mayai ya jike asiye naye kufa akipandwa na dume aliye naye, na kwa njia hiyo hujieneza mwenyewe katika kizazi kinachofuata. Huyo naye ni mwenza, na maslahi yake ni yake.